Bodi ya Kuweka Nyuma ya Vigae

DADA: Haloo? Haloo, naongea na nani?

PIMAMAJI: Mimi hapa.

DADA: Mimi hapa ndio jina? Namba yako siijui. Kama unauza kitu, baba, leo umekosea mlango.

PIMAMAJI: Ni mdogo wako, dada! Pimamaji. Simu yangu imezima, hii nimeazima kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Fundi mzima unatoka nyumbani na simu haina chaji.

PIMAMAJI: Nilidhani itafika. Mama kaamkaje?

DADA: Kama alivyolala. Chali, anaangalia dari. Nimemwosha kwa kitambaa, nimemgeuza, nimempa chai, nimembadilisha shuka. Beseni tatu za maji nimezibeba kutoka jikoni. Mgongo huu si wangu tena, sijui ni wa nani.

PIMAMAJI: Pole, dada.

DADA: Hiyo pole naipokea wiki ya saba sasa, sina pa kuiweka. Haya, sema. Umepata?

PIMAMAJI: Ndicho nilichokupigia. Hapa wana bodi za aina tatu za kuweka nyuma ya vi—

DADA: Ngoja. [Anakohoa.] Vumbi hili. Endelea.

PIMAMAJI: Vumbi la nini?

DADA: La nyumba. Nyumba ina vumbi. Bodi tatu, endelea.

PIMAMAJI: Kuna ya simenti, nzito kweli kweli, hiyo mpaka watu wawili. Kuna ya povu, nyepesi, naibeba kwa mkono mmoja. Halafu kuna jipsamu, ile ya kijani.

DADA: Hiyo ya kijani si ndiyo iliyokuwa bafuni kwa mama? Haloo?

PIMAMAJI: Nipo. Ndiyo aina hiyo.

DADA: Sasa unanitajia ya nini?

PIMAMAJI: Nakutajia zilizopo dukani, dada.

DADA: Hiyo usinitajie.

PIMAMAJI: Basi zimebaki mbili. Chagua.

DADA: Nichague mimi?

PIMAMAJI: Ee.

DADA: Fundi ni nani kati yetu? Miaka kumi na minane unabandika vigae. Mabafu ya hoteli umebandika, bwawa la yule daktari umebandika. Watu wanakuita Pimamaji kwa sababu siku ya harusi yako mwenyewe uliweka pimamaji juu ya meza kuu uone kama imelala sawa, wageni wana njaa, bibi harusi kanuna. Leo mimi mwalimu wa chekechea ndiye nikuchagulie bodi?

PIMAMAJI: Safari hii chagua wewe.

DADA: Kwa nini safari hii?

PIMAMAJI: Basi tu. [Mtandao unakwaruza.] —sikia vizuri hapa, kuna gari la kokoto linashusha.

DADA: Nimekuuliza kwa nini.

PIMAMAJI: Na mimi nimekwambia basi tu. Dada, nimechoka. Nimesimama mbele ya hizi bodi saa nzima kama mtu asiyezijua. Mwenye duka kaniuliza mara mbili kama naumwa.

DADA: Na unaumwa?

PIMAMAJI: Siumwi.

DADA: Haya. Nieleze basi, kwa lugha ya watoto wangu wa chekechea. Ya simenti, maji hayapiti?

PIMAMAJI: Yanapita.

DADA: Ala! Sasa?

PIMAMAJI: Yanapita lakini haiozi. Inalowa, inakauka, inabaki ile ile. Kwa hiyo juu yake unapaka ile dawa nzito ya kuzuia maji, inakauka inakuwa kama mpira. Mara mbili unapaka. Lakini kwanza unafunga viungo vyote kwa utepe, na kona, na pale bomba linapotokea ukutani, na kila kichwa cha skrubu unakizibia. Hapo ndipo unabandika kigae.

DADA: Na ya povu?

PIMAMAJI: Hiyo yenyewe haipitishi. Viungo tu ndio vizibwe. Ila ni laini. Ukikaza skrubu kwa pupa inazama ndani.

DADA: Na ya kijani?

PIMAMAJI: Si umesema nisiitaje?

DADA: Sasa nakuuliza mimi.

PIMAMAJI: Ya kijani inavumilia unyevu. Jikoni, chooni pasipo na bomba la kuogea, huko sawa. Maji ya kumwagika kila siku hapana. Yakipata njia kwenye grauti, ile simenti ya kati ya vigae, yanaingia, na ndani mle ni unga tu umefungwa kwa karatasi.

DADA: Na hilo ulikuwa unalijua.

PIMAMAJI: Kila fundi analijua.

DADA: Miaka sita iliyopita, ulipokata pembe ya chumba cha mama ukamjengea bafu asitoke nje, ulikuwa unalijua?

PIMAMAJI: Dada, mwenye duka anataka simu yake.

DADA: Mwambie asubiri. Mwambie dada yako ana swali moja la mwisho.

PIMAMAJI: [Kwa pembeni.] Namalizia, mzee wangu. Dakika mbili tu. [Kwenye simu.] Haya, uliza.

DADA: Katika hizo bodi, ipi inashika mtu?

PIMAMAJI: Unasemaje?

DADA: Mtu akishika. Akiegemea. Mtu mzima, mwanamke wa miaka sabini na mbili, amelowa, anashika ukuta asiyumbe. Ipi inamshika?

[Kokoto zinamiminika.]

DADA: Usijitie hamnazo, nasikia unavyopumua.

PIMAMAJI: Hakuna.

DADA: Hakuna nini?

PIMAMAJI: Hakuna bodi inayoshika mtu. Bodi inashika vigae. Mtu anashikwa na mbao iliyo nyuma ya bodi. Kishikio unakifunga kwenye mbao.

DADA: Asante. Na nyuma ya kishikio cha mama, mbao ilikuwepo?

PIMAMAJI: Dada.

DADA: Ilikuwepo?

PIMAMAJI: Hilo vumbi. Dada, umefanya nini?

DADA: Nimebomoa.

PIMAMAJI: Nilikwambia usiguse! Si nilikwambia? Nilisema nikirudi nitabomoa mwenyewe, ni kazi ya vumbi, vigae vinakata—

DADA: Ulisema. Jana ulisema mara tatu. Ndiyo maana leo kulipokucha tu nikachukua nyundo. Mtu aliyechoka akiambiwa mara tatu asifanye kazi, anashukuru, anakaa chini. Mimi nilijiuliza, huyu lini alinihurumia na kazi ya vumbi?

PIMAMAJI: Umebomoa upande gani?

DADA: Unaujua upande.

PIMAMAJI: [Anavuta pumzi.] Mama kasikia?

DADA: Kasikia nyundo. Kaniuliza nani anagonga, nikamwambia mimi, naondoa vigae, akasema usijiumize. Basi. Mlango nimeufunga. Sasa nikusomee nilichokiona au utanisomea wewe?

PIMAMAJI: Sema tu.

DADA: Grauti yote ya bafu hili imekuwa kijivu, miaka sita ya sabuni. Isipokuwa mstari unaozunguka vigae vinne, hapo chini ya dirisha, palipokuwa na kishikio. Hapo ni nyeupe kama meno ya maziwa. Vigae vyenyewe vinne ni vya rangi ile ile, ila ukivitazama vizuri maua yake yamegeuka. Nimevigonga, vimetoka kirahisi. Nyuma yake bodi imekuwa kama mkate uliolowa chai. Nimeingiza kidole. Kidole, mdogo wangu! Na mbao ipo, sisemi haipo, iko juu. Shibiri nzima juu ya matundu ya skrubu.

PIMAMAJI: Ndiyo.

DADA: Ndiyo nini?

PIMAMAJI: Ndivyo ilivyo.

DADA: Kishikio ulisema umekipeleka kusafishwa kutu.

PIMAMAJI: Kipo. Kwenye boksi langu la vifaa.

DADA: Wewe ndiye uliyemkuta siku ile. Mimi nilikuwa shuleni. Ulimkutaje?

PIMAMAJI: Nilikwambia nilivyomkuta.

DADA: Uliniambia kateleza. Nakuuliza ulimkutaje.

[Mtandao unakwaruza.]

PIMAMAJI: Kalala kwa ubavu, kichwa kwenye kizingiti. Maji bado yanatoka. Kishikio kilikuwa mkononi mwake.

DADA: Mungu wangu.

PIMAMAJI: Hakukiachia, dada. Nilikitoa kidole kimoja kimoja. Kigae kimoja kilikuwa bado kinaning'inia kwenye skrubu zake. Nikamfunika kanga, nikambeba, nikasimamisha gari. Ndani ya gari akafumbua macho akaniuliza, nimefanyaje? Nikamwambia umeteleza, mama.

DADA: Ukamwambia kateleza.

PIMAMAJI: Neno lilitoka lenyewe. Nilitaka atulie. Halafu daktari akauliza, akasema nimeteleza. Wewe ukaja mbio, ukauliza, akasema nimeteleza. Kufika jioni neno limeshakauka, dada. Nikarudi nyumbani nikaziba ukuta kabla hujarudi.

DADA: Wiki saba.

PIMAMAJI: Najua ni ngapi.

DADA: Hujui! Ungejua usingekuja hapa kila Jumapili na mfuko wa machungwa. Unajua nimemwambia nini mama kwa wiki saba? Nimemtupia ndala zake. Nilimwambia ndizo zilizokuangusha, zimelika, nilikwambia tangu zamani uzitupe. Nikazitupa mbele yake, mwenyewe anatazama. Nimemwambia mama, umri umekwenda, kubali. Hivi hivi kwa mdomo wangu. Nimemsemesha kama mtoto wa darasani, nimemkaripia, na yeye ananiambia samahani mwanangu. Samahani! Anapotaka kujigeuza, samahani. Nikileta beseni, samahani.

PIMAMAJI: Dada, taratibu, atasikia.

DADA: Kumbe unajua kwamba atasikia.

PIMAMAJI: Siku ya kufunga kile kishikio mama alikuja mwenyewe kusimama pale. Mbao nilikuwa nimeshaiweka, kwa kipimo cha kawaida, kile cha hotelini. Yeye mfupi. Akanyoosha mkono akasema, mwanangu, hapa ndipo ninapofika, huko juu ni kwa warefu. Vigae vilikuwa vimeshakauka. Kuongeza mbao hapo chini ingebidi nivitoe, nifungue bodi, nianze upya. Kesho yake asubuhi nilikuwa na safari ya kazi, ile hoteli ya ghorofa nne. Nikatoboa pale pale alipoonyesha. Nikatia plagi za plastiki, zile za kushikia skrubu. Nikavuta kwa nguvu, kikashika. Nikasema mama mwepesi.

DADA: Na hizo bodi za kijani?

PIMAMAJI: Zilibaki kwenye kazi nyingine. Nilizibeba.

DADA: Hoteli uliiwekea nini?

PIMAMAJI: Ya simenti. Dawa mara mbili. Tuliziba mfereji tukajaza maji tukayaacha siku nzima kuona kama yanavuja.

DADA: Kwa mama ulijaza maji?

PIMAMAJI: Sikujaza.

DADA: Angekuwa mteja, ungetoboa pale alipoonyesha?

PIMAMAJI: Ningefungua.

DADA: Kwa nini?

PIMAMAJI: Mteja ataniuliza. Mteja ananisimamia na kalamu. Mama alikuwa amefurahi tu. Alisimama mlangoni anapiga makofi, anasema mwanangu kanijengea bafu la kifalme. Sikuweza kumwambia kwamba bado. Nilitaka kuondoka akiwa amefurahi.

DADA: [Anaburuta ndoo.] Hapa nimekaa juu ya ndoo.

PIMAMAJI: Dada, nisamehe.

DADA: Mimi sina kazi na huo msamaha wako saa hizi. Nisikilize. Yule mtu wa hospitali anayemfanyisha mama mazoezi anakuja saa tisa.

PIMAMAJI: Leo? Si alisema Ijumaa?

DADA: Leo. Na leo ndiyo mwisho. Juzi alinivuta pembeni, akasema mfupa umeunga vizuri, picha zinaonyesha, nyonga haina tatizo. Tatizo mama hataki kusimama. Msuli unakwisha pale kitandani. Akasema kama leo atakataa tena, anaandika kiti cha magurudumu, na yeye harudi, ana wagonjwa wanaotaka kutembea. Na akishakaa kwenye kile kiti kwa umri ule, kasema nisidanganyike, hatanyanyuka.

PIMAMAJI: Hukuniambia.

DADA: Ningekwambia lini, kati ya beseni na beseni? Na unajua kwa nini hataki kusimama?

PIMAMAJI: Anaogopa.

DADA: Anaogopa nini?

PIMAMAJI: Kuanguka.

DADA: Anaogopa miguu yake! Kaniambia kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayesema siri ya ndoa. Kasema, mwanangu, nilikuwa nimesimama vizuri, sikusikia kizunguzungu, sikusikia chochote, mara nipo chini. Miguu ilinitupa bila kunipa taarifa. Usinilazimishe kuiamini tena. Nikamwambia mama si miguu, ni ndala. Akacheka. Hakuniamini. Alijua si ndala. Unanisikia?

PIMAMAJI: Nakusikia.

DADA: Basi unajua unachotakiwa kufanya.

PIMAMAJI: Jioni nitakuja. Nitakaa naye chini, taratibu, nitamweleza.

DADA: Jioni! Mtu wa mazoezi anakuja saa tisa.

PIMAMAJI: Basi nakuja sasa hivi, napakia bodi nakuja.

DADA: Sasa hivi ni saa saba kasoro, na kutoka huko na mzigo ni mwendo wa saa tatu nzima. Na ukifika utaanza na machungwa. Utamuuliza kalalaje. Utapima ukuta. Nakujua, nimekulea. Nampelekea simu.

PIMAMAJI: Dada, usinifanyie hivyo.

DADA: Nimeshanyanyuka kwenye ndoo.

PIMAMAJI: Sikia, mwambie wewe. Umeuona ukuta, mwambie ulichokiona. Wewe unajua kusema.

DADA: Mimi nimemwambia ndala, nimemwambia umri. Leo nikimwambia ukuta atadhani nimetafuta hadithi ya tatu ya kumtoa kitandani. Ni wewe tu uliyekiona kile kishikio mkononi mwake.

PIMAMAJI: Atanionaje?

DADA: Atakuona ulivyo. [Hatua. Mlango.] Mimi mwenyewe nimechoka kukuona hivyo hivyo peke yangu.

PIMAMAJI: Dada, salio. Mwenye duka ananionyesha kidole, salio lake linakwisha, anasema—

DADA: Basi usipoteze maneno. Na hiyo bodi chukua ya simenti. Na mbao. Chukua mbao nyingi, ukuta wote wa kulia mpaka chini uwe na mbao, mtu ashike popote anapotaka. Mama. Mama, umeamka? Shika simu. Ni mwanao. Hapana, usiseme samahani, shika tu. Hivi, upande huu.

MAMA: Haloo?

PIMAMAJI: Mama. Shikamoo.

MAMA: Marahaba, baba. Sauti yako iko mbali.

PIMAMAJI: Nipo dukani, mama. Nanunua vitu vya bafu.

MAMA: Dada yako kashaanza kubomoa huko, hana subira. Kajaa unga kichwani kama mwokaji. Nyie msihangaike na bafu, mimi beseni linanitosha. Ingawa linamtesa yeye.

PIMAMAJI: Mama, sikiliza. Nina jambo.

MAMA: Sema. Mbona unapumua hivyo? Umekimbia?

PIMAMAJI: Hukuteleza.

MAMA: Eh?

PIMAMAJI: Ile siku. Hukuteleza, mama. Niliposema umeteleza nilikudanganya. Ulikuwa umeshika kishikio, kikang'oka. Kiling'oka na vigae vyake. Nyuma hapakuwa na mbao, na bodi ilikuwa imeoza kwa maji. Mimi ndiye niliyeifunga vibaya. Nilijua. Nilikukuta umekishika mkononi, nikakificha, nikaziba ukuta.

[Mlio wa salio, mara moja.]

PIMAMAJI: Mama?

MAMA: Rudia. Polepole.

PIMAMAJI: Ukuta ndio ulioachia.

MAMA: Nani alianza, mimi au ukuta?

PIMAMAJI: Ukuta.

MAMA: Mimi nilikuwa nimesimama?

PIMAMAJI: Ulikuwa umesimama. Ulivuta kishikio kama mtu yeyote anavyovuta, kikakufuata. Hata mimi ningeanguka. Hata kijana wa miaka ishirini angeanguka, mama.

MAMA: Na miguu yangu?

PIMAMAJI: Miguu yako haikuwa na kosa lolote.

MAMA: Lolote?

PIMAMAJI: Lolote, mama. Naapa.

MAMA: [Anahema.] Hee. Hee, wewe mtoto.

PIMAMAJI: Nisamehe, mama.

MAMA: Nyamaza kwanza. Unajua usiku nafanya nini mimi? Naisemesha miguu hii. Dada yako akilala naifunua shuka naiangalia, naiambia, nyie, miaka sabini na mbili mmenibeba, niliwakosea nini? Naitukana. Miguu yangu mwenyewe naitukana kama wake wenza.

PIMAMAJI: Mama, usilie.

MAMA: Silii. Nina hasira. Niache nikasirike, wiki saba sikuwa hata na nguvu ya kukasirika. Nimeomba radhi kwa kila mtu aliyeingia humu ndani. Daktari nimemwomba radhi. Dada yako mgongo umempinda kwa ajili yangu. Na wewe unakuja unakaa hapo kwenye kiti, unanimenyea chungwa!

PIMAMAJI: Ndiyo, mama.

MAMA: Ulikuwa unaliona hata hilo chungwa?

PIMAMAJI: Nilikuwa siwezi kukutazama machoni.

MAMA: Nilidhani ni kwa sababu nanuka.

PIMAMAJI: Mama!

MAMA: Ndivyo nilivyodhani. Msamaha wako utaukuta, lakini si leo. Leo sina. Uko wapi huo ukuta?

PIMAMAJI: Huko huko bafuni. Wa kulia.

MAMA: Binti! Njoo hapa. Nataka kuuona huo ukuta.

DADA: [Kwa mbali.] Nikuletee kigae, mama?

MAMA: Kigae cha nini? Nimesema ukuta. Nipeleke nikauone, uliponiachia.

DADA: [Kwa mbali.] Nikubebe, au tusubiri mtu wa mazoezi aje na—

MAMA: Nani kasema kunibeba? Nishike mkono tu. Nisogezee kile kigari cha kuegemea. Shika simu yako.

PIMAMAJI: Mama? Mama, taratibu, usiharakishe! Dada!

DADA: Nimeichukua. Kimya. Kaweka mguu mmoja chini.

PIMAMAJI: Kaweka mwenyewe?

DADA: Mwenyewe. Kakunja uso, anautazama ule mguu kama mgeni aliyemchelewesha. [Mlio wa salio.] Nini hicho?

PIMAMAJI: Salio, linakatika. Dada, mshike kiunoni, usimshike kwapa, na sakafu, uliondoa vigae vya sakafuni? Atakanyaga vipande, ana ndala?

DADA: Ndala nilizitupa. Nampa zangu. Mama, ngoja, vaa hizi. Haya, kwaheri, naweka simu chini.

PIMAMAJI: Usikate! Niambie tu kama—

DADA: Nahitaji mikono miwili, mdogo wangu. Anaweka mguu wa pi—

[Simu imekatika.]